Draya ya Muhonja

Mvua ya mchana iliwakuta watu sokoni Kakamega, ikawasukuma wote ndani ya duka moja la vifaa vya umeme. Akina mama waliingia na mifuko yao ya mboga, wanafunzi wa chuo na vitabu kichwani, waendesha boda boda wakichuruzika maji. Muhonja alikuwa ameshafika kaunta. Alivaa sketi ya kitenge cha manjano na aproni ya buluu iliyonukia sabuni. Mkononi alining'iniza mkanda mrefu mwembamba wa mpira.

"Nataka kama huu," alimwambia muuzaji. "Wa draya ya kukaushia nguo. Dramu ya ndani imekuwa ngumu, haizunguki."

"Huo mkanda ni mzima," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijivu, mabega yamelowa, alikuwa anautazama mkanda. Kisha akamtazama yeye, na mkanda akausahau.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini ukinunua mwingine utarudi hapa kesho na hasira, na mimi sitakuwepo nikuone."

Watu waliojibanza pale wakacheka. Muhonja naye akacheka, ingawa hakutaka.

Aliitwa Bravin Khisa, mzaliwa wa Chekalini, fundi wa friji na mashine za nguo. Mvua ilipopungua alimsindikiza Muhonja hadi kwenye duka lake la udobi, chumba kimoja mtaa wa nyuma ya stendi. Humo Muhonja na shangazi yake, Senje Maximilla, walifua mashuka ya gesti na makoti meupe ya wahudumu wa hospitali. Katika mji ambao mvua hunyesha karibu kila mchana, dobi asiye na draya hana kazi.

"Kwanza toa plagi," Bravin alisema. "Usiwahi kuigusa ndani ikiwa na stima."

Alipiga magoti, akaufungua upande wa mbele. Aliizungusha dramu kwa mkono bila mkanda; ikasogea kidogo, ikanguruma, ikasimama. "Umeona? Mkanda haupo na bado ni nzito. Basi si mkanda, na mota nayo haina kosa." Aliingiza mkono nyuma ya dramu, akachomoa soksi iliyoungua na vumbi la nyuzi tele. Bado ilikuwa nzito. Ndipo alipomulika chini kwa simu. "Haya magurudumu madogo ndiyo yanabeba dramu. Angalia, yamelika upande mmoja. Itabidi niyaagize Nairobi."

Aliyasafisha, akayapaka grisi. Dramu ilizunguka, lakini kwa shingo upande.

Ikawa kila baada ya siku chache Muhonja anapiga simu.

"Bravin, imekataa tena."

"Draya ama wewe?"

"Sisi wote wawili."

"Basi niwekee chai. Nakuja, mpenzi."

Alikuja amechana nywele, amevaa shati safi chini ya ovaroli. Aligusa hiki, akapaka kile, mashine ikaendelea. Jumapili moja walikwenda Isecheno, wakatembea chini ya miti mikubwa ya msituni, Muhonja na gauni lake jekundu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Huko ndiko Bravin alikombusu mara ya kwanza.

Senje Maximilla aliwatazama, akatikisa kichwa. "Huyu fundi wako anakujanga sana. Kwani hii mashine haiponangi?"

"Vifaa havijafika, Senje."

Halafu dramu ikazidi ugumu. Mota iliunguruma tu bila kuizungusha. Siku hiyo Bravin alipitia dukani akiwa na haraka ya kazi nyingine mbali, na Muhonja alikuwa na mlima wa mashuka mabichi. Bravin akaishika swichi ya mlango, ile inayozima mashine mlango unapofunguliwa, akaiunganisha kwa waya. Sasa draya ingeweza kuwaka mlango ukiwa wazi.

"Isukume kidogo kwa mkono, hivi. Ikishika, funga mlango haraka."

"Si ulisema nisiiguse ikiwa na stima?"

"Ni ya siku chache tu, kipenzi. Mpaka magurudumu yafike."

Muhonja alimwamini. Alisukuma, ikashika, akafunga, na kwa muda mambo yakaenda.

Asubuhi ya Ijumaa mvua haikungoja mchana. Gesti ilitaka mashuka yake. Draya ilikataa kabisa, hata kwa kusukumwa. Muhonja alipiga simu, ikapokewa na mwanamke.

"Haloo?"

"Nataka Bravin."

"Anaoga. Wewe ni nani?"

"Mteja tu," akasema, akakata, kisha akaizima simu kabisa.

Aliirudia mashine kwa hasira. Aliingiza mkono ndani, akasukuma kwa nguvu zake zote. Dramu iliyokuwa imekataa asubuhi nzima ikashika mara moja. Shuka bichi likamzunguka kifundo cha mkono, likakaza, likamvuta mpaka begani. Senje Maximilla aliusikia mfupa kabla ya kusikia ukelele. Alipong'oa plagi ukutani, Muhonja alikuwa ameshazirai akining'inia mlangoni mwa draya.

Mkono wa kulia ulivunjika mara mbili. Mfupa ungeunga, daktari alisema, lakini mishipa ya fahamu ilikuwa imeumia. Vidole pengine havitakunjika tena kama zamani.

Bravin alifika wodini akikimbia, nyuma yake msichana aliyefanana naye macho na paji la uso. "Mimi ni Tracy, dada yake," msichana alisema huku analia. "Nilikuja jana kutoka nyumbani. Ningejua ni wewe ulipiga..."

Muhonja alifumba macho. "Nilidhani ni mwanamke wako, Bravin."

"Sina mwingine. Sina."

"Basi ilikuwa wivu wangu na bahati mbaya. Usijilaumu."

Bravin alikivuta kikombe cha uji, akamnywesha kidogo kidogo.

Muhonja aliporudi nyumbani, Bravin alikuja kila siku. Alifua mashuka beseni kwa beseni na Senje, akayaanika chini ya paa, hayakauki. Alikonda. Jioni moja Muhonja alimshika shati kwa mkono wa kushoto.

"Leta wazazi wako kwetu Desemba. Ama mpaka mimi ndiyo nikuposee?"

Senje alipiga vigelegele. Bravin alijaribu kutabasamu, akashindwa, akatoka nje.

Kesho yake alikuja na kisanduku cha karatasi. Ndani mlikuwa na magurudumu mapya.

"Ai, yamefika!" Muhonja alisema.

"Yalifika kitambo. Kabla sijaunganisha ile swichi."

"Yalikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

Muhonja alimtazama, akingoja aseme ni mzaha.

"Draya ikipona," Bravin alisema, "ungenipigia simu kwa sababu gani? Nilisema wiki hii nitayaweka. Halafu wiki ijayo."

"Ungekuja tu, Bravin. Ungekuja hivi hivi, mikono mitupu. Ningekusongea obusuma wa mahindi, ukala."

"Nilikuwa sijui."

"Na kwa nini unaniambia leo? Si nilikuwa nimeshakusamehe?"

"Ulimsamehe mtu mwingine. Huyo si mimi."

Mvua ilipiga mabati. Muhonja aliutazama mkono wake uliolala juu ya mapaja, vidole vimenyooka.

"Itengeneze," alisema.

Bravin alichomoa plagi, akafungua, akayatoa magurudumu yaliyolika, akayaweka mapya. Dramu ilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Akaukata ule waya, akairudisha swichi kama ilivyokuwa. Muhonja aliwasha draya, kisha akaufungua mlango. Ikasimama yenyewe.

"Sasa nenda."

"Muhonja, nakupenda."

"Najua. Nenda."

Wazazi hawakuja Desemba. Bravin alihama mjini, akarudi Chekalini, akawa anatengeneza pampu za maji na mashine za kusagia mahindi. Alipiga simu mara nyingi, Muhonja akiiacha ilie mpaka inyamaze. Siku moja baada ya Krismasi aliipokea.

"Mkono unaendeleaje?"

"Kidole cha kati kimeanza kusogea."

"Mungu asante. Na wewe?"

"Usinipigie tena mpaka mimi nipige."

"Utapiga?"

"Sijui, Bravin."

"Nitangoja."

"Sijakwambia ungoje." Aliishikilia simu sikioni kitambo, akimsikia akipumua, kisha akakata.

Aliitumbukiza mfukoni mwa aproni, akalichukua shuka juu ya rundo, akalishika pembe moja kwa meno na nyingine kwa mkono wa kushoto. Machozi yalikuwa yanamtoka. Senje Maximilla alikuja, akazishika pembe za upande wa pili, wakaanza kulikunja.