Lenzi Kumi na Mbili

"Sindano, uko wapi?"

"Uwanja wa ndege, Mkubwa. Ngazi za pili."

"Ndege inaondoka baada ya dakika ishirini."

"Najua."

Alirudisha redio ya Motorola kiunoni, akapanda ngazi mbilimbili. Mwanamke aliyekuwa akipiga deki alimwona anavyokuja, akavuta ndoo kando na kumtandikia tambara kavu asiteleze. Sindano alimshukuru kwa macho, akapita mbio.

Kwenye meza ya forodha alisimama mpigapicha mwenye suti ya kijivu. Mbele yake, sanduku lililo wazi. Ndani yake, lenzi kumi na mbili nyeusi, huwezi kutofautisha moja na nyingine.

Mojawapo ilificha filamu. Filamu yenye picha za nyuso kumi na moja, za watu waliotoa ushahidi dhidi ya wauza silaha. Faili lao lilikuwa limechomwa asubuhi ile kwa amri ya jaji, ili wasijulikane. Nakala iliyobaki duniani ilikuwa hiyo filamu, tena haijasafishwa bado; mwanga ukiigusa tu, picha zinafutika. Ikifika ng'ambo, wale kumi na moja hawamalizi wiki.

Wa nne kati yao alikuwa dada yake Sindano.

"Barua yangu inasema mzigo haupiti kwenye mashine ya mionzi," mpigapicha alisema. "Wala haufunguliwi ovyo."

Ofisa wa forodha, mama wa makamo, alitazama kitambulisho cha upelelezi alichoonyeshwa na Sindano. "Barua ni halali, mwanangu. Nakuruhusu kufungua moja tu. Ukikosea, nagonga muhuri na anaondoka."

"Chagua, dada," mpigapicha alitabasamu. "Plastiki tupu, za wanafunzi wangu. Ukivunja, utawaeleza mwenyewe."

Sindano alibandika ya kwanza shavuni. Ya kufichia filamu lazima iwe ya chuma, na chuma huwa na ubaridi wake. Lakini sanduku lilikuwa limepangwa chupa za barafu, na zote zilikuwa baridi vilevile. Akazipima kwenye mizani ya forodha. Uzito mmoja.

"Dakika nane," redio ilinong'ona.

Akaanza kuzungusha pete za kulenga, zile za kuifanya picha ionekane wazi.

Ya kwanza ilikwaruza na kuchezacheza. Ya pili pia. Ya tatu, ya nne, mpaka ya nane. Ndivyo ilivyo plastiki ya bei poa.

Ya tisa iliteleza kama imepakwa siagi.

Haikucheza hata unywele.

"Fundi wenu ni hodari," Sindano alisema. "Alijua plastiki ukiikwangua ndani ipate nafasi ya filamu, itapasuka. Akakereza alumini, akaipaka rangi, akaipunguza mpaka uzito ukalingana. Ila mkono wake ulimshinda. Amezoea kutengeneza vitu vya kudumu. Hakuweza kutoa pete mbovu, hata kwa makusudi."

"Unabahatisha."

"Basi mbona umeacha kutabasamu?"

Alikwangua ukingo kwa kisu chake cha Victorinox. Rangi ikabanduka. Alumini ikang'aa.

Mpigapicha aliruka meza. Sindano alimpisha hatua moja, akamkamata kifundo cha mkono, akamlaza kifudifudi. Mama wa forodha alimfunga pingu. Kisha akakunja koti lake mwenyewe na kumwekea chini ya shavu, maana sakafu ilikuwa baridi.

"Ninayo, Mkubwa."

"Usiifungue. Ilete ofisini kama ilivyo."

Sindano aliitazama ile lenzi. Faili lile lilikuwa limehifadhiwa kwenye kabati moja tu. La ofisini.

"Hapana, Mkubwa."

"Umesemaje?"

"Picha hizi zilitoka ofisini. Hazirudi ofisini."

"Hiyo ni amri, Sindano. Utapoteza kazi."

"Andika barua, nitaisaini."

Akazima redio.

Alisogea dirishani, jua la mchana likimpiga usoni. Akafungua lenzi. Akavuta filamu taratibu, yote, mpaka ikaisha.

Mwanga ukaila.

Mama wa forodha alikuwa ameinama chini ya meza, akitafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni mwake. Aliitafuta kwa muda mrefu.

Sindano alimkabidhi lenzi tupu, akatoka kwa milango ya vioo, simu sikioni.

"Dada, umekula?"

"Bado. Mbona unahema?"

"Ngazi tu. Bandika sufuria kubwa, nakuja."

"Na kazi?"

"Wataniambia."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma.