Vifuko vya Mtini

Kila kiangazi Mama Fundi alishonea uani, chini ya mti uliopandwa na marehemu mumewe. Hapo palikuwa na kivuli na upepo. Hapo ndipo alipomkumbuka.

Mwaka mmoja majani yalitobokatoboka, kisha matawi yakabaki mifupa. Vifuko vidogo vya vijiti vilining'inia kila mahali. Mama Fundi alikuwa ameviona tangu mwaka uliotangulia, akavipenda.

"Ona mshono ule," alimwambia binti yake. "Hao ni mafundi wenzangu. Usiwaguse."

Msimu wa baridi ulipoingia, shemeji yake alikuja na neno zito. "Shemeji, mti umekufa. Jumamosi naleta msumeno."

Mama Fundi aliinamia cherehani, machozi yakimlengalenga. Aliona kama anamzika mumewe mara ya pili.

Ijumaa bwana shamba alifuata suruali yake. Alitazama juu, akaisahau suruali.

"Mama, vifuko hivi umeviacha?"

"Wadudu wangu hao. Hawana neno."

"Hawana neno? Ndio wanaokula mti wako!" Alikata kifuko kimoja kwa kisu, akakipasua. Mlijaa mayai madogo kama mchanga. "Jike hutaga humuhumu, akafa. Joto likirudi, viwavi wanatoka kwa mamia. Kila mmoja anajishonea kifuko na kula majani."

"Yarabi! Kumbe nimewafuga mwenyewe!"

Bwana shamba alikwangua gome. Ndani palikuwa kijani. "Mti huu bado mzima, mama."

"Nipulize dawa?"

"Sasa hivi dawa haipenyi kifuko. Kata vyote kwa mkasi. Usivivute, utaumiza tawi. Wala usivitupe chini, viwavi watapanda tena. Vizamishe kwenye maji ya sabuni siku mbili, kisha uvifukie. Joto likianza, ukiona viwavi wadogo wengi, niite kabla hujanunua dawa."

Jumamosi shemeji alifika na msumeno wake. Alimkuta Mama Fundi juu ya ngazi. Mkononi alishika mkasi wake wa kitambaa, ule asioruhusu ukate hata karatasi. Binti alishika ndoo.

"Shemeji, weka msumeno chini. Njoo ushike ngazi."

Shemeji alinung'unika, lakini alishika.

Mvua zilinyesha, mti ukachipua. Kiangazi kilichofuata, Mama Fundi alikagua kila tawi kabla ya kutoa cherehani nje. Alikuta kifuko kimoja tu. Aliutazama mshono wake. Ulikuwa mzuri bado. Akakikata, akakitumbukiza ndooni, kisha akaketi kwenye kivuli cha mumewe na kuanza kazi.