Sauti ya Sebuleni kwa Mama

Haikunipata mimi, nakwambia, ilimpata rafiki yangu mshona nguo, na tangu anisimulie silali bila kumkumbatia mwanangu. Alimwekea mama yake kamera yenye spika sebuleni, kwa kuwa mama alikuwa ameanguka bafuni, wakawa wanaongea kupitia hiyo kamera kila jioni. Mara kazi zikambana, bando likaisha, wiki tatu hakumsemesha hata neno. Jumamosi aibu ikamshika, akaenda.

Akakuta mapazia yamefungwa, giza, saa tu inagonga ukutani.

“Umerudi? Si tumetoka kuongea sasa hivi?” mama akashangaa. “Siku hizi hunisusi kabisa, unanisemesha mpaka nasinzia.”

Rafiki yangu akapapasa ukutani. Waya wa kamera ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri, umejaa vumbi.

“Usiuchomeke,” mama akasema. “Mwenyewe ulinikataza.”

Akaaga, akatoka. Akiwa nje, mkono bado uko kwenye kitasa, akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza taratibu kule ndani, “Mama, ameshaondoka?”

“Ameondoka, mwanangu,” mama akajibu. “Nilidhani ni wewe. Sitamwambia tena mtu mwingine kwamba tunaongea.”