Mkandaji wa Bi Mwanakombo

Mkandaji aliamka kabla ya mwenyewe. Alianzia kwenye vidole vya miguu ya Bi Mwanakombo, akabana taratibu, akaachia, akapanda kifundoni, gotini, mpaka kinenani, kisha akarudi chini kuanza upya. Kwa nje ilikuwa suruali tu, nyepesi, ya rangi ya udongo. Ndani yake ilijaa misuli ya bandia, myembamba kama uzi wa kushonea.

Kazi yake ilikuwa kusukuma limfu. Damu ina moyo wa kuisukuma. Limfu, yale maji yanayopita katikati ya nyama yakizoa taka na vijidudu, hayana moyo. Yanamtegemea mtu atembee, ainame, ainuke, apumue hadi tumboni. Na katika jiji la Chalinze, ambalo zamani lilikuwa njia panda ya mabasi tu, nani alikuwa bado anatembea? Viti vilimpeleka mtu hadi msalani. Jamani, hata kuokota kijiko kulikuwa na roboti wake! Watu wakavimba miguu, ndipo mhandisi Sikudhani, binti wa Bi Mwanakombo, akabuni Mkandaji. Wa kwanza kabisa alimvisha mama yake, na mtaa mzima ukamsifu.

Asubuhi hiyo alikuja kumbadilishia. Sikudhani hakuwa mtu wa kutulia. Alizungumza huku akizunguka chumba, akivuta pazia, akilirudisha.

"Tuvue huyu, mama, uvae mpya. Mara moja tu."

Akamvua Mkandaji wa zamani na kumtupa kwenye pipa la kuyeyushia nguo. Ndivyo alivyokuwa Sikudhani: akitaka jambo, alitaka liwe jana. Sasa Mkandaji mpya alipaswa kwanza kuujifunza mwili, lakini akagoma. Akamzima, akamwasha. Akagoma tena. Kufika saa nne miguu ya mama ilikuwa imejaa, ngozi inang'aa. Sikudhani akabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale.

"Mguu umezidi kipimo," Mkandaji mpya akasema kwa upole. "Siwezi kufunga."

Loo! Sikudhani akapiga simu kiwandani. Alijua limfu ikituama, mkwaruzo mdogo tu unatosha kuingiza vijidudu, mguu ukawaka, na mtu akaupoteza. Mkandaji wa jirani asingefaa, kwa kuwa kila Mkandaji hujifunza mwili mmoja. Kiwanda kilisema kingeleta mkubwa zaidi kesho.

"Mama, vuta pumzi. Hadi tumboni. Toa. Sasa kunja nyayo."

Vidole vilitikisika kidogo, vikalala.

"Ndiyo yote hiyo?" Sikudhani akauliza.

"Ndiyo yote. Ulitaka nini? Tangu uninyang'anye ufagio sijasimama mimi. Nilikuwa nafagia, ukaja mbio na suruali yako: 'Mama, kaa! Watu wataniona mimi mtoto gani?' Nikafurahi. Nikasema kweli nimezaa."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Najua. Na mimi niliringia heshima hiyo. Kila nikitaka kuinuka unasema kaa, pumzika, umeshatulea. Basi nikakaa, mwanangu. Nimekaa mpaka miguu imenisahau."

Sikudhani akazunguka chumba, akarudi, akazunguka tena. Haya yote aliyajua. Aliyafundisha chuoni miaka nenda rudi: tembea, kunywa maji, pumua kwa kina, usikae kutwa. Hakuwahi kufikiri kwamba yanamhusu mama. Mama ni wa kukalishwa, ndivyo alivyolelewa. Akalia, tena kwa sauti.

"Utalia baadaye," Bi Mwanakombo akasema. "Ninyanyue."

Akamshika kwapani, akamsimamisha, wakatoka polepole hadi kwenye korido. Milango ikaanza kufunguka, maana mtu kutembea kwa miguu yake pale ilikuwa shani. Mzee Kondo wa nyumba ya pili akachomoza na kiti chake.

"Sikudhani! Mama yako kakukosea nini hata umtese hivyo?"

"Namfanyisha mazoezi, baba."

"Mazoezi? Mwenye mtoto mhandisi? Mkalishe mama yako, bwana, usitutie aibu."

Uso ulimwiva Sikudhani. Neno "kaa" lilimfika mdomoni kabisa. Kisha akawaona wote, mzee mmoja katika kila mlango, amekaa kitini, miguuni amevishwa Mkandaji aliyebuniwa na Sikudhani mwenyewe, akibana na kuachia. Nguo zao safi, nywele zimechanwa. Hakuna aliyetelekezwa hata mmoja. Kila mmoja alikuwa na mtoto mwema.

Mama akamvuta mkono.

"Usiwatazame wao," akasema. "Nitazame mimi. Naanguka."