Nyayo za Miguu Mitatu

Rafiki yangu Pascalia hana uongo, wallahi. Alikuwa akijitolea kwenye kituo cha kulinda kasa, mbali huko kusini mwa Likoni. Kila alfajiri alihesabu nyayo za kasa mchangani, kisha akazifagia zisihesabiwe mara mbili.

Msimamizi wake, Bramwel, alimchinja na kumla kasa wa miguu mitatu ambaye Pascalia alimuuguza mwezi mzima.

Siku ya pili, gizani bado, Pascalia alisikia kitu kizito kikijikokota. Nyayo za miguu mitatu zilitoka baharini hadi mlangoni kwa Bramwel. Za kurudi hazikuwapo.

“Fagia,” Bramwel akamwambia, akaufunga mlango kwa ndani.

Kesho yake mlango ulikuwa wazi. Nyayo zilirudi baharini, na kando yake alama za vidole kumi vya mtu aliyekwaruza mchanga hadi majini.

Pascalia akaandika daftarini: kasa mmoja. Kisha akafagia.