Kikuba Juu ya Mto

Kheir alilala baada ya adhuhuri hadi alasiri, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Tena ananukia udi, na mkewe Riyama hakuwa amefukiza udi wiki nzima.

"Ulikuwa wapi?" Riyama akauliza.

"Hapa hapa! Wewe si ulikuwa mlangoni washona kofia?"

Alikuwa mlangoni, na hilo ndilo lililomchoma. Wivu wa Riyama haukuwa wa mchezo, mtaa mzima wa Malindi ukiujua. Mume kukonda, kusinzia dukani, kukataa hata bakuli la urojo: kwake zote hizo zilikuwa dalili za mwanamke. Akampeleka hospitali. Daktari akapima damu, sukari na presha, akamkuta mzima.

"Bibi, mtazame anavyolala. Anakoroma? Pumzi zinakatika? Kisha mrudi."

Kesho yake mchana Riyama akakaa kitini chumbani. Kheir hakukoroma. Aliugeukia upande wa kitanda anaolala mkewe, akanyoosha mkono kama anayelaliwa, na godoro pale pasipo mtu likabonyea taratibu, mto ukaingia shimo la kichwa, harufu ya udi na asmini ikajaa chumba, na Kheir, usingizini, akacheka kicheko ambacho mkewe hakukisikia tangu fungate.

Riyama hakurudi kwa daktari. Alikwenda kwa Bi Mardhiya, mganga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kitanda chako ulikiacha lini?"

"Nlipokwenda Chwaka kumuuguza mama. Nlimwekea mume wangu kikuba juu ya mto wangu, asinisahau."

Kikuba, kile kishada cha asmini na mrehani ambacho mwanamke humvalia mumewe! Bi Mardhiya akashika kichwa.

"Juu ya mto mtupu? Mwanangu, umeita mke mwenza. Kaja mmoja, wa kijini. Hakuvamia, ulimwalika, basi sina kisomo cha kumtoa. Hataki mbuzi wala ng'ombe. Ataka zamu."

"Mimi nigawane mume?" Riyama alinong'ona.

"Usipogawana, atakuwa naye kila alalapo, na wewe utamzika."

Riyama alilia, akatukana, akakubali. Usiku mmoja wake, mmoja wa mwenziwe.

Kheir akanenepa, na daktari akafurahi. Usiku usio wake, Riyama hulala ukumbini, akisikia kile kicheko nyuma ya mlango. Usiku wake, mume huingia mapema, humpa mgongo, hulala fofofo hadi alfajiri. Kwake huja kupumzika tu.