Simu za Kumuulizia Kinley

Foleni ya barafu ya kusaga ilikuwa ndefu kuliko foleni ya choo, na kwa joto la Julai ile pale Shawnee, nani angeshangaa? Viwanja vinne vya softiboli, ule mchezo wa wasichana wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, vilikuwa vikichezwa kwa mpigo, akina mama wamejibanza chini ya miavuli, akina baba wanawazomea waamuzi, vumbi jekundu la Oklahoma limeingia hadi kwenye soseji. Twila Pettus, kocha msaidizi wa chuo kimoja cha Arkansas, alikuwa amevaa fulana ya kijani ya chuo chake ili kila mzazi ajue kwamba amekuja kusaka vipaji. Aligeuka na kikombe chake cha barafu ya cheri, akamvaa mtu kifuani.

"Mungu wangu, samahani!"

"Samahani ya nini? Zamani ulikuwa unanilenga makusudi."

Sauti hiyo! Twila aliinua macho, moyo ukamlipuka. Royce Yandell. Mvi zimeanza kuchungulia masikioni, shati jeupe limechafuka jekundu, na tabasamu ni lilelile lililokuwa likimkosesha usingizi.

Walipokuwa vijana, Royce alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa ndani ya banda la baba yake Twila, akidaka mipira ya Twila kila jioni. Humo ndimo walimopendana, katikati ya harufu ya nyasi kavu na mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu. Ah, jioni zile! Kisha vyuo vikaja na ufadhili wao, Twila akaenda mbali, na mwaka wa pili bega likamharibika asiweze kurusha tena. Hakurudi, wala hakupokea simu za Royce. Aliamini kwamba kijana yule aliupenda mkono ule, na mkono wenyewe haukuwepo tena.

"Bega linaendeleaje?" aliuliza Royce.

"Linabeba mkoba. Basi."

"Umekuja kumtazama Kinley wangu."

"Nani kakwambia? Labda nimekuja kula barafu."

"Yote si umenimwagia mimi, mwenzangu!"

Kinley alikuwa mrushaji bora wa umri wake katika jimbo lile, na Royce ndiye aliyemfundisha tangu akiwa mtoto. Lakini vyuo haviruhusiwi kuzungumza na msichana kabla ya Septemba mosi ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Hadi siku hiyo, mwenye shida naye huongea na kocha wake. Basi Twila akaongea na kocha wake, tena sana.

"Nakupigia kuhusu Kinley," alikuwa akianza, kwa sauti ya ofisini.

"Kinley mzima. Wewe umekula?"

"Mkono wake unamalizaje kurusha siku hizi?"

"Unapita nyongani, umelegea, kama mtu anayekung'uta maji vidoleni. Yale mambo ya kuinua kiwiko hadi begani baada ya kurusha nimeyazika. Nimeuliza, umekula?"

"Nimekula chipsi."

"Chipsi si chakula, laazizi."

Laazizi! Twila alicheka peke yake ndani ya gari kama msichana wa shule. Kesho yake akakumbuka swali jingine kuhusu Kinley, na keshokutwa jingine.

Septemba mosi ikafika, Twila akampigia Kinley mwenyewe. Binti alijibu kwa adabu zote. Wiki haikwisha, akatangaza kwamba anakwenda chuo cha Kansas. Twila alimpigia Royce, na safari hii hakuna aliyeulizwa kama amekula.

"Ulimwambia nini yule mtoto?"

"Aliniuliza kama angekuwa binti yangu ningemleta kwenu. Nikasema hapana."

"Royce!"

"Bosi wako bado anawalazimisha wasichana wainue kiwiko. Ndicho kilichokuharibia bega, Twila. Unajua, na umenyamaza."

"Kumbe muda wote ulikuwa unanichezea tu!"

"Na wewe ulikuwa unanipigia mimi, au ulikuwa unampigia Kinley?"

Twila alikata simu. Alilia kwa hasira, halafu akalia kwa sababu Royce alikuwa amesema kweli. Siku zilizofuata aliishika simu, akaitua, akaishika tena. Hakuwa na Kinley wa kumuulizia. Kumpigia Royce kwa ajili ya Royce kulimtisha kuliko uwanja uliojaa watu.

Siku moja mazoezini aliona msichana mdogo wa mwaka wa kwanza akijisugua bega. Akaingia kwa bosi na kumwambia wazi kwamba kiwiko kile kinaumiza watoto. Bosi alicheka. Lakini Twila alipomwekea funguo za ofisi mezani, hakucheka tena.

Jumamosi iliyofuata Twila alisimama mlangoni mwa banda alimofundishia Royce, amevaa gauni la bluu lenye maua ya manjano na viatu virefu vya wachunga ng'ombe, bila jina la chuo popote mwilini. Somo lilikuwa limekwisha, Royce anaokota mipira.

"Kinley hayupo," alisema bila kuinuka.

"Sikumfuata Kinley. Nimeacha kazi. Nilimwambia bosi habari ya kiwiko."

Royce aliinuka taratibu. "Kwa nini hukurudi, Twila? Wakati ule."

"Ningerudi na nini? Ulimpenda mrushaji. Sikuwa mrushaji tena."

Royce alivua glavu, akamwonyesha kidole cha shahada kilichopinda. "Mrushaji wako alinivunja hiki mara mbili! Nani mwenye akili zake anaweza kupenda mkono kama ule? Nilikaa kwenye ndoo kwa sababu ndiyo njia pekee ya kukutazama usoni saa nzima bila baba yako kunifukuza."

Twila alicheka huku machozi yakimtoka. Royce akampa mpira. "Rusha."

"Siwezi."

"Rusha hivyohivyo."

Alirusha. Mpira ulikwenda kichovu, ukadunda, ukadunda tena, ukapotelea upande na kuigonga baiskeli ya mtu. Twila aliuma mdomo, akamtazama Royce usoni, akiitafuta ile huruma aliyoikimbia miaka yote. Royce aliuokota mpira, akaufuta vumbi, akautia mfukoni.

"Nirudishie."

"Huu haurudi. Na wewe huendi Arkansas kabla hujanijibu. Nikuoe, Twila?"

"Kwa mpira kama huo?"

"Kwa mpira kama huo."

"Haya, nioe," alisema Twila, akauinua mkono wake mbovu hadi pale ulipoweza kufika, nao ukafika shingoni mwa Royce.